Trikoderma uioteshe kwenye nini: pumba, magunzi, maganda ya mpunga au bagasi?

Ukitoka Njoro asubuhi ukashuka kwa njia ya Londiani, Fort Ternan na Muhoroni hadi Ahero, unapita taka nne tofauti kabla ya saa za chakula cha mchana. Njoro kuna ngano, na viwanda vya unga vya Nakuru vinatoa pumba zake. Kutoka hapo hadi Londiani, karibu kila boma lina rundo la magunzi ya mahindi. Muhoroni na Chemelil ni miwa, na baada ya miwa ni bagasi, yale makapi yanayobaki juisi ikishakamuliwa. Ahero ni mpunga, na nyuma ya vinu kuna vilima vya maganda ambavyo mara nyingi huishia kuchomwa moto. Mimi nimezaliwa Njoro na nimeolewa Ahero, kwa hiyo barabara hii naijua kona kwa kona. Trikoderma, ile kuvu ya kijani inayolinda mizizi ya mimea, nimeiotesha kwenye taka zote nne.

Swali ninaloulizwa na wanachama wa kikundi chetu, na hata na jamaa wa kule chini, ni moja tu: nitumie ipi? Jibu langu la haraka ni magunzi yaliyosagwa yakichanganywa na pumba. Hata hivyo, jibu hilo halimfai kila mtu. Yuko ambaye pumba kwake ni chakula cha ng'ombe na hawezi kuzigusa, na yuko ambaye gunzi halioni mwaka mzima. Kwa hiyo nitaziweka taka hizi kando kwa kando, nieleze kila moja ilinifanyia nini.

Kwanza, tunatafuta nini

Trikoderma huishi udongoni, kwenye mizizi na kwenye mabaki yanayooza. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling alieleza jinsi inavyozishambulia kuvu nyingine za udongoni na kuishi kwa kuzila. Hujisokota kwenye nyuzi za adui, ikatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta zake. Zaidi ya hayo huwahi nafasi na chakula kwenye mzizi kabla kuvu mbaya hazijafika, na huuamsha mmea wenyewe ujikinge.

Tunapoiotesha kwenye taka hatutafuti rangi ya kijani. Tunatafuta spora, yaani mbegu zake, zilizo nyingi na zilizo hai. Kwenye chakula kizuri gramu moja tu inaweza kubeba spora milioni 100 hadi bilioni 1. Kwenye chakula duni unaweza kuona kijani juu, kumbe ndani ni nyuzi nyeupe tupu. Nyuzi zikikaushwa hufa, spora huvumilia. Watu wengi wanaoniambia kwamba waliotesha, wakaweka shambani na hawakuona lolote, nikiwauliza naona walipeleka shambani nyuzi zilizokufa.

Ili itoe spora, kuvu hii inataka kaboni ya kula, naitrojeni ya kujengea mwili, hewa ya kupumua na unyevu usiozidi. Hapo ndipo taka zinapoachana. Pumba za ngano zina takriban sehemu 20 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Magunzi na maganda ya mpunga yanakaribia 80 au 100 kwa 1. Bagasi hupita 100. Mkulima anayejua mboji anazielewa hesabu hizi mara moja: pumba ni mlo, bagasi ni kuni.

Pumba za ngano: bora, lakini una mshindani zizini

Kwa kuotesha peke yake, sijaona kinachozishinda pumba za ngano. Zina protini, zina madini, zina wanga kidogo uliobaki wa kuianzisha kuvu kwa kasi. Ukizilowanisha vizuri, ukazipika kwa mvuke na kuzipandia mbegu ya trikoderma, siku ya tatu zimefunikwa na utando mweupe, na siku ya sita au ya saba ni kijani hadi chini.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni kushikana. Pumba laini zikizidi maji hugeuka uji, zinagandamana kama ugali uliopoa, na katikati hewa haifiki. Humo ndimo bakteria hujificha, na utawajua kwa harufu ya kuchacha. Dawa yake ni kuchanganya na kitu kigumu chenye mianya, na hapo maganda ya mpunga hufaa sana.

Kasoro ya pili ni bei. Nakuru yote inafuga, na mwenye ng'ombe wa maziwa hawezi kuacha gunia la pumba liende kulisha kuvu. Wakati wa kiangazi, nyasi zikikauka, pumba hupanda bei na wakati mwingine hazipatikani kabisa. Kwa hiyo mimi huzitumia kama chumvi kwenye mboga, robo ya mchanganyiko, nayo robo hiyo inatosha kuyainua magunzi.

Magunzi ya mahindi

Nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndiyo taka ya watu wengi, kuanzia Nakuru hadi Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega. Kila kilo 100 za punje huacha takriban kilo 18 za magunzi. Gunia moja la kilo 90 basi limekuachia kama kilo 16. Mtu aliyevuna magunia 20 ana zaidi ya kilo 300 za magunzi nyuma ya ghala, na sehemu kubwa itaishia jikoni kama kuni. Siwalaumu wanaoyachoma, chai lazima ichemke. Ila kilo 10 tu zinatosha kuoteshea chachu, yaani taka iliyokwisha kuota trikoderma, ya msimu mzima kwa shamba dogo.

Gunzi zima halifai. Kuvu itakula nje na kuacha moyo wa gunzi mkavu. Peleka kwenye kinu cha posho au mashine ya kusagia chakula cha ng'ombe, yavunjwe yawe na ukubwa wa punje ya mahindi au ya harage. Usiyafanye unga, maana unga wa magunzi hushikana kuliko hata pumba. Yaloweke usiku kucha, yachuje, kisha changanya debe tatu za magunzi na debe moja ya pumba. Kipimo cha maji ni ngumi: shika mchanganyiko, kamua kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili katikati ya vidole, ni sawa. Yakitiririka, tandaza yakauke kidogo.

Uzuri wa magunzi ni kwamba yana sponji ndani. Yanashika maji bila kuziba hewa, na vipande vyake vina uso mwingi wa spora kukaa. Kwenye magunzi na pumba spora zangu hutoka karibu nyingi kama kwenye pumba tupu, ila zinachelewa siku mbili au tatu.

Ubaya wake ni wageni. Gunzi limekaa shambani na ghalani miezi kadhaa, na limebeba kuvu kama fusariamu, aspajilasi, na ile ya rangi ya machungwa iitwayo nurospora ambayo huenea kama moto wa nyasi. Magunzi yaliyooza kwenye hindi, yenye waridi au weusi, yatenge yaende mboji. Haya mengine yapike muda mrefu zaidi kuliko pumba. Mwaka wangu wa kwanza nilipika pipa kwa saa moja na nusu kwa sababu kuni ziliniishia. Siku ya nne nilikuta makarai sita kati ya kumi yamevaa rangi ya machungwa, na unga wake ulikuwa umeruka hadi kwenye makarai mazima. Nilitupa yote, nikapaka chokaa kwenye kuta za kibanda, nikaanza upya. Tangu hapo sipiki magunzi chini ya saa tatu baada ya mvuke kuanza kutoka kwa nguvu.

Maganda ya mpunga na wishwa

Shemeji yangu wa Ahero aliponiona nahangaika kubeba magunzi kutoka juu aliniambia, "Nyar Njoro (binti wa Njoro), unabeba nini kutoka huko kote? Chukua lile rundo la maganda, hata lori zima. Hakuna anayelidai." Alisema kweli. Kila kilo 100 za mpunga huacha takriban kilo 20 za maganda, na mwenye kinu hufurahi ukimpunguzia.

Nikayajaribu yakiwa peke yake, na karibu nikate tamaa. Ganda la mpunga limejaa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye kioo na mchanga. Ndiyo maana haliozi haraka na ng'ombe hawalitaki. Maji hayaliingii, yanateleza juu yake. Kuvu iliota kama ndevu za kijana, huku na huku, na baada ya siku kumi nilikuwa na vumbi kidogo la kijani.

Kisha mama mkwe akauliza swali ambalo mimi na daftari langu hatukuliuliza: "Na ule unga wake mbona hauutumii?" Alimaanisha wishwa, ule unga wa kahawia unaotoka mchele unapong'arishwa. Wishwa una mafuta, protini na vitamini, na kwa kuvu unafanya kazi ile ile ya pumba za ngano. Sasa mchanganyiko wangu wa Ahero ni debe mbili za maganda na debe moja ya wishwa, maganda yakiwa yamelowekwa siku nzima. Maganda yanaleta hewa, wishwa unaleta chakula. Mmoja bila mwenzake hafai: wishwa peke yake hugeuka gundi.

Wishwa mnunue mpya. Mafuta yake huchacha upesi, na wishwa wa wiki tatu ukiunusa utajua. Ukilinganisha na magunzi, spora za hapa ni chache kiasi, lakini zinakauka haraka zaidi na kupepetwa ni rahisi, kwa sababu maganda hayanywi maji. Mtu anayetaka spora za kuchanganya na maji na kunyunyizia kitalu atapenda hizi. Unaziosha tu kwenye ndoo, unachuja kwa kitambaa, maganda yanabaki.

Bagasi

Bagasi ndiyo inayotamanisha kuliko zote, kwa wingi wake. Tani moja ya miwa huacha takriban kilo 300 za bagasi mbichi, nusu yake ikiwa maji. Sehemu kubwa huchomwa na viwanda vyenyewe kutoa mvuke, lakini kandokando ya viwanda vya Muhoroni, Chemelil, Kibos na Nzoia daima kuna ya kupata.

Nimeijaribu mara tatu na sipendekezi kuoteshea chachu humo. Ina naitrojeni kidogo mno. Nyuzi zake ni ndefu, zinaacha mapengo makubwa ambamo unyevu hupotea. Halafu kuna masalia ya sukari. Sukari hiyo ungedhani ni neema kwa trikoderma, kumbe ni karamu ya kila mpita njia: hamira, bakteria, kuvu nyeusi, na tena ile nurospora ambayo hupenda miwa iliyochomwa kabla ya kukatwa. Ukiichanganya nusu kwa nusu na pumba itaota, lakini hapo umekwisha kutumia pumba mara mbili ya zile ambazo magunzi yangehitaji. Bure yake inakwisha hapo.

Mahali pa bagasi ni hatua ya pili. Chachu ikishakuwa tayari, bagasi iliyokaa na kuanza kuoza hufaa sana kwenye mboji utakayoichanganya nayo, hasa ikipata lile tope jeusi la kuchujia juisi kiwandani. Tope hilo lina naitrojeni na fosforasi, na uwiano wake wa kaboni unakaribia ule wa samadi. Tope na bagasi kuukuu vikikaa pamoja miezi mitatu, vikigeuzwa, vinatoa mboji ambayo trikoderma huikalia kama nyumbani. Bagasi mbichi usiichimbie shambani hata ikiwa imeota kijani: vijidudu vya udongo vitanyang'anya naitrojeni ili viile, na maharagwe yako yatageuka manjano mbele ya macho yako.

Nyingine kwa kupita. Makapi ya maharagwe yasiguswe, yanabeba magonjwa yale yale unayotaka kuyazuia. Magugu maji ya ziwani ni maji zaidi ya asilimia 90, na huvuta madini mazito. Yaache. Punje za mtama ni nzuri kupita zote kwa kutengeneza mbegu mama ya kuanzishia, lakini ni chakula. Kilo moja ya mtama inatosha kuanzisha makarai mengi, na hapo ndipo ninapouishia.

Mlima na ziwa

Taka ile ile haifanyi kazi sawa Molo na Kisumu, na jambo hili sioni likielezwa.

Kwanza ni kupika. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, takriban digrii 1 kwa kila mita 300. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, yanachemka karibu na digrii 96. Nakuru mjini, mita 1,850, ni kama 94. Molo, mita 2,500, ni 92 tu. Mvuke wa pipa lisilo na presha hauwezi kupita hapo. Kwa hiyo saa mbili zinazomtosha mtu wa Kano, kule tambarare ya Ahero, hazimtoshi wa Molo. Mimi naongeza saa nzima, au napika leo na kurudia kesho, ili spora sugu zilizoamshwa na mpiko wa kwanza zife kwa wa pili. Mwenye sufuria ya presha ana nafuu, ila inaingiza kidogo.

Pili ni kuotesha. Trikoderma hupenda digrii 25 hadi 30. Kisumu hupati taabu: weka makarai kivulini ndani ya nyumba, siku ya saba au ya nane umevuna. Tatizo la kule ni joto kuzidi, kwa sababu kuvu yenyewe ikila hutoa joto. Usirundike zaidi ya sentimita tano, vinginevyo katikati itajipika. Njoro na Molo usiku ni baridi, na chini ya digrii 15 kuvu hii hulala. Hesabu siku 12 hadi 14, na uweke makarai karibu na ukuta wa jikoni. Mwanga wa mchana, usio wa jua kali, usaidie pande zote mbili, kwa kuwa mwanga ndio unaoiambia kuvu itoe spora.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017 wengi wetu tulidhani kazi imekwisha. Kumbe makarai mapana yaliyofunikwa kwa kitambaa safi cha pamba ni bora, hewa inaingia. Nikiwa na mashaka na vumbi natumia chupa za kioo zenye pamba mdomoni.

Kijani si kimoja

Hapa naomba usome polepole. Aspajilasi inayotoa sumukuvu nayo ina rangi ya kijani. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 huku kwetu Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Ukikosea, utakuwa unaizalisha kwa mikono yako na kuivuta puani.

Trikoderma huanza nyeupe kama pamba, kisha kijani cha majani kinatokea kwa mabaka au duara, na aina nyingi hunuka kama nazi au msitu baada ya mvua. Aspajilasi huelekea kijani cha manjano, kama ndimu inayoiva, na ni unga mkavu unaoruka ukigusa karai. Ukiona manjano, nyeusi, waridi au rangi ya machungwa, usichambue. Mwagia maji ili vumbi lisiruke, chimbia mbali na ghala. Kwa kigezo hiki pumba mpya ni salama kuliko magunzi, na magunzi yaliyokauka vizuri ni salama kuliko yale yaliyonyeshewa. Vaa barakoa wakati wote wa kuvuna, na mwenye pumu au kinga dhaifu asifanye kazi hii.

Na kama jirani yako analima uyoga wa kuliwa, zungumza naye kwanza. Kwake trikoderma ni adui, ndiyo ile kuvu ya kijani inayoua mashada ya uyoga. Kibanda chako kisipakane na chake.

Nunua au otesha?

Agroveti kubwa za Nakuru na Kisumu zina trikoderma ya pakiti, iliyopimwa na kusajiliwa. Kama una kitalu kimoja cha nyanya, nunua. Mpiko wa pipa, kuni, siku kumi za kuangalia makarai, havilipi kwa kitalu kimoja. Kuotesha kunaanza kulipa unapokuwa na nusu ekari ya maharagwe au ndizi kadhaa, au mkiwa kikundi mnaogawana pipa.

Ukiotesha, mbegu mama ndiyo roho ya kazi yote, kuliko hata taka. Ipate kutoka maabara inayoijua aina yake. Vyuo kama Egerton pale Njoro na Maseno ndipo pa kuanzia kuuliza. Usichukue kijani cha ukutani. Na usirudie kuotesha kutoka kwenye makarai yako vizazi vingi. Mimi naishia cha pili, kwa sababu kila kizazi hupunguza nguvu na kuongeza wageni. Kuuza kwa wengine ni jambo jingine: Kenya dawa yoyote ya kulinda mimea, hata iliyo hai, lazima isajiliwe na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa hizo. Ya shambani kwako ibaki shambani kwako.

Ujue pia inakoishia. Inasaidia dhidi ya kinyausi, ule ugonjwa wa miche kuanguka kitaluni, kuoza kwa mizizi ya maharagwe kunakowatesa watu wa Vihiga na Kakamega, na mnyauko fusari wa nyanya na matunda ya pasheni. Huzuia, haifufui mmea uliokwisha kunyauka. Viazi vya Molo na Kuresoi vinavyonyauka kwa bakteria haiviponyi, na baka chelewa la majani hailikomeshi. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia matumaini. Usiichanganye na dawa ya kuvu yenye kabendazimu, itaiua, na ukiweka majivu au chokaa shambani subiri wiki mbili, maana kuvu hii hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

Basi chagua hivi

Uko Njoro, Rongai, Kitale au Bungoma na una mahindi: magunzi debe tatu, pumba debe moja. Huna mashine ya kusaga karibu? Tumia pumba na maganda ya mpunga ya kununua gunia moja, sawa kwa sawa, uoteshe kidogo.

Uko Ahero, West Kano au Bunyala: maganda debe mbili, wishwa mpya debe moja. Usisafirishe magunzi kama nilivyofanya mimi.

Uko ukanda wa miwa: mahindi hayakosekani kwenu, kwa hiyo otesha kwenye magunzi, na bagasi pamoja na tope zikae kwenye mboji zikisubiri.

Uko Molo, Elburgon au Mau Narok, juu kwenye baridi: chagua pumba kwa wingi zaidi, hata nusu kwa nusu na magunzi. Chakula kizuri kitaiharakisha kuvu kabla wageni hawajaiwahi.

Chachu ikiwa tayari, itandaze kivulini siku tatu au nne ikauke, usiianike juani kwa sababu mionzi huua spora. Kisha kilo moja kwa kilo 100 za samadi iliyooza vizuri, ifunikwe kwa magunia, inyunyiziwe maji na kugeuzwa kwa wiki mbili, ndipo iende kwenye mashimo. Ikikaa kavu na baridi huishi miezi michache tu, kwa hiyo otesha ya msimu mmoja. Anayepanda maharagwe katikati ya Machi kule Ahero apande makarai yake kufikia tarehe 18 Februari. Wa Njoro awahi tarehe 10, na magunzi yake yawe yamesagwa kabla ya Januari kwisha, siku ambazo kinu cha posho hakina foleni.